Sauti Yangu Ilimtaja Nekesa

Jumatatu, 3 Machi

Nimesukutua koo kwa maji ya chumvi, nimetafuna tangawizi, nimetema. Kila asubuhi ni hivyo. Fundi ana nyundo, mimi nina koo. Nikasimama nyuma ya nyumba hapa Matisi nikapiga "helooo, helooo" mara tatu mpaka mbwa wa mwenye nyumba akabweka. Koo ni zima.

Saa mbili pikapu ya Walinzi wa Chemchemi ikanichukua. Spika nne juu, bendera ya kijani, dereva, mimi. Tumezunguka Kitale yote. Wiki ya nane sasa. Hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizofanya, na nimefanya nyingi. Nimekuwa utingo wa lori mpaka Juba na Lubumbashi. Nimetangaza mitumba Kampala. Nimeuza dawa ya kunguni Mombasa, na watu wa pwani na Kiswahili chao kile walisimama kunisikiliza. Shule niliacha darasa la saba. Ilikuwa ndogo, hainitoshi.

Walinzi wanapanda miti ya kienyeji kwenye vyanzo vya maji na kukataza watu kukata. Naunga mkono kabisa. Mto tuliokuwa tukiogelea utotoni leo unauvuka na viatu. Mtu akiniambia miti si kitu nitamzaba kofi.

Maneno ya spika nimetunga mimi. "Ukipanda, tunakuona. Ukikata, tunakuona." Watoto wa Matisi wameyafanya mchezo. Mmoja anajificha, wengine wanampigia kelele, "Tunakuona!" Nimekuwa mtu mkubwa, bana.

Alhamisi, 6 Machi

Zamu ya Bungoma. Alhamisi tunateremka mpaka Lugulu na mimi nakula kwa dada yangu Nekesa. Ana kibanda mkabala na hospitali. Mabenchi manne, sufuria tatu, mafiga ya mawe. Wateja wake ni watu wenye wagonjwa. Wanatoka wodini wamekauka, anawapa mahindi na maharage, chai, na maneno mawili ya kuwarudisha.

Mama alikufa nikiwa na miaka minne, Nekesa kumi na mmoja. Alinibeba mgongoni akienda kuchota maji. Alipoolewa akaingia kwa mume na mimi kama mzigo mwingine. Mume aliondoka zamani. Mimi mzigo nilibaki.

Leo amenivamia mbele ya watu. "We Wanjala, hiyo sauti yako inapita ukuta inaingia wodi ya wazazi. Watoto wanatoka kabla ya siku zao!" Mzee Barasa akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Huyo mzee mke wake amelazwa tangu Januari, na hakuwa amecheka tangu Januari. Nikamjibu dada kwamba moshi wake ndio unawatoa. Akanirushia mwiko.

Kwenye nguzo ya kibanda ana tawi bichi. Walinzi humfungia tawi bichi yeyote aliyepanda, na yeye alipanda miche kumi na miwili pale chini kwenye kijito. Kuni zake ni za mikaratusi yake mwenyewe, nyuma ya kibanda. Hakati mti. Anaokota kilichoanguka.

Jumamosi, 8 Machi

Kibomet, chumbani kwa Simiyu. Simiyu ndiye fundi wa sauti wa Walinzi. Mtu mzima, kipara, hacheki bure. Ameweka magodoro ukutani ili mwangwi usitoke.

Ana wazo jipya. Badala ya mimi kupanda pikapu kila siku, nirekodi kila kitu kipande kipande. Majina peke yake. Vijiji peke yake. Maneno peke yake. Halafu kompyuta inaunganisha, na pikapu tatu zinazunguka siku moja, zote na sauti yangu. Nikamwambia, kwa hiyo nitakuwa Kitale, Webuye na Kimilili kwa wakati mmoja, mimi nikiwa nimelala? Akasema ndiyo. Nikajiona kama Mungu mdogo hivi.

Nimerekodi kutoka asubuhi mpaka saa kumi. Wafula, Barasa, Naliaka, Kamau, Chebet, Wanjiku, Wekesa. Kila jina nililolijua tangu nizaliwe. Na langu pia, Wanjala wa Matisi, kwa sifa tu. Simiyu anasema hajaona mtu kama mimi. Nilimwambia hatamwona.

Kabla ya kuanza aliniambia nijaribu maiki, niseme chochote. Nikasema kwa ile sauti nzito: "Nekesa, mama Beti wa Lugulu! Mkata miti namba moja! Moshi wako umefika mbinguni! Toka nje tukuone!" Simiyu, yule asiyecheka, aliteleza kwenye kiti. Madam Priska alikuwa mlangoni. Yeye ndiye kiongozi wetu, zamani alikuwa bibi shamba, anaongea taratibu kama anayembembeleza mgonjwa. Akacheka pia. Akauliza, "Huyo ni nani?" Nikamwambia ni dada yangu, mpishi wa Lugulu, namtania. Akaomba kuisikia tena.

Nitamwambia Nekesa Alhamisi. Atanipiga na sufuria.

Jumanne, 11 Machi

Leo sikuenda kazini. Nilikuwa sokoni nikinywa uji, nikajisikia napita. Sauti yangu, juu ya pikapu, bila mimi.

Ila maneno si yale. Zamani tulisoma waliopanda. Leo wamesoma waliokata. Jina, kijiji, halafu, "Tunakuona." Nyuma ya pikapu vijana wanne wamebeba matawi makavu. Jina likisomwa, tawi kavu linafungwa mlangoni kwa mtu huyo. Na sheria mpya: anayenunua kwa mwenye tawi kavu, anayemuuzia, anayemsalimu, naye atafungiwa lake.

Wamemtaja Kuria, mshona viatu wa hapa Matisi. Alikata mti ulioegemea paa la nyumba yake kabla haujamwangukia. Jioni nilipita pale. Viatu vya watu vimejaa, hakuna aliyekuja kuvichukua. Nilitaka kusimama. Sikusimama.

Niseme ukweli kwa sababu hapa hakuna mtu mwingine. Kwenye uji watu walinipisha benchi nzima. Mama wa uji hakunidai. Walikuwa wananiogopa na mimi nikasikia utamu. Utamu kabisa, kama sukari ya kuiba.

Ijumaa, 14 Machi

Jana pikapu zilitangaza msamaha. Kwa sauti yangu: aliyekata aje mwenyewe uwanjani, aseme, asamehewe, aende nyumbani. Watu wakaja. Kina mama na watoto mgongoni, wazee, mwalimu mmoja. Wakaandikishwa majina.

Leo asubuhi majina hayo yote yamesomwa. Kwa sauti yangu. Kila mmoja ana tawi kavu.

Nilikwenda kwa Madam Priska. Nilikuwa nimepanga maneno makali, niliyapanga njia nzima. Akanikalisha, akanimiminia chai. Akasema msamaha ni njia ya kujua nani anastahili kusamehewa. Akasema mto haungoji watu wapate adabu polepole. Akasema, "Bwana Wanjala, mwanaume mzima kama wewe unaogopa sauti yako mwenyewe?" Nikacheka. Kwa nini nilicheka? Nikanywa chai yote nikaondoka.

Kura ijayo Madam atasimama. Kila mtu anajua, hakuna anayelisema. Wenye matawi mabichi wameshaandikwa kwenye daftari, kata kwa kata.

Jana sikwenda Lugulu. Pikapu hainihitaji tena.

Jumapili, 16 Machi

Nekesa amepiga simu saa saba mchana. Hakusalimu. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Nilikukosea nini?"

Pikapu ilisimama nje ya kanisa watu wakitoka. Spika ikafunguliwa. "Nekesa, mama Beti wa Lugulu! Mkata miti namba moja! Moshi wako umefika mbinguni! Toka nje tukuone!" Mzaha wangu mzima, hawakukata hata neno. Wameondoa kicheko tu. Bila kile kicheko si mzaha tena. Halafu mtu mwingine akaongeza kwa maiki, "Hata ndugu yake wa tumbo moja amemkana."

Alikuwa amesimama na wenzake wa kwaya, katikati. Anasema alipogeuka alikuwa amesimama peke yake. Hakuona hata walivyosogea.

Tawi bichi limeng'olewa kwenye nguzo. Kavu limefungwa.

Nilimwambia ni mzaha, dada, nilikuwa najaribu maiki. Akasema, "Mzaha wa nini, Wanjala?" Nimekaa na swali hilo. Mimi ambaye nina jibu la kila kitu.

Jumatatu, 17 Machi

Kibomet tangu asubuhi. Simiyu hakuniangalia usoni. Anasema alipewa orodha, faili ilikuwepo, akaiweka. "Mimi naunganisha tu, mzee." Nikamwomba aifute. Akasema ziko pikapuni zote, kwenye flashi, na si yeye anayezishika.

Nikaenda kwa Madam. Nikapiga magoti. Naandika hivyo hivyo, nilipiga magoti kwenye kapeti yake. Nikamwambia ulikuwepo, ulisikia, ulicheka. Akasema anakumbuka. Akasema pia vijana wake walikwenda kuangalia Lugulu wakakuta kuni zimepangwa nyuma ya kibanda, na kuni ni kuni. Nikasema ni za kuokota. Akasema kila mtu anaokota.

Halafu akasema, "Tukitoa jina moja, wenye majina mengine watauliza na sisi je. Na isitoshe, sisi hatukumtaja dada yako. Wewe ndiye ulimtaja."

Taratibu. Kama anambembeleza mgonjwa.

Nimeacha kazi. Akasema hakuna neno, kazi yangu imeshafanyika. Kwa chifu nilikwenda pia. Chifu alinisikiliza vizuri, akasema hilo ni jambo la hiari ya wananchi. Tawi bichi liko kwenye geti lake, kubwa kuliko yote.

Jumatano, 19 Machi

Nimeazima spika ndogo na betri kwa fundi mmoja hapa mtaani, nikaenda Lugulu. Nikasimama karibu na hospitali nikatangaza mwenyewe, kwa mdomo huu. "Mimi ni Wanjala. Yale mliyosikia Jumapili ni uongo. Ulikuwa mzaha. Nekesa hajakata mti. Rudini mle kwake."

Nimetangaza kwa saa tatu nzima. Sijawahi kusema vizuri namna hiyo maishani. Hata Mombasa.

Watu waliingia ndani. Milango ilifungwa mmoja mmoja, taratibu, kama wakati wa mvua. Mwishoni nilikuwa nawatangazia kuku. Mtoto mmoja akapiga kelele kutoka dirishani, "Tunakuona!" na mtu akamvuta ndani.

Mzee Barasa ndiye pekee aliyenijia. Hata yeye hakunisogelea, alisimama upande wa pili wa mtaro. Akasema, "Kijana, wiki jana sauti hii hii ilituita tukasamehewe. Shemeji yangu alikwenda. Leo inatuita tukale. Si ni ile ile? Sasa tuamini ya lini?"

Nilizima spika.

Ijumaa, 21 Machi

Niko kwa Nekesa tangu juzi. Mimi si Mlinzi tena, wanifanye watakavyo.

Anapika kila asubuhi kama kawaida. Nilimwambia apike kidogo. Akasema akipika kidogo atakuwa amekubali. Sufuria tatu zinajaa, zinapoa, jioni anamwagia mbwa. Mbwa wa Lugulu wamenenepa wiki hii.

Linaloniua ni upande wa pili. Wenye wagonjwa wanakaa kwenye nyasi za hospitali wanaangalia. Wanaona mvuke. Wanasikia harufu. Kuna msichana ana mama yake wodini, ametoka mbali huko Mlima Elgon, hajui mtu hapa. Jana alivuka barabara mpaka nusu. Watu wakamwangalia. Akarudi. Leo nimemwona anakula mkate mkavu.

Mzee Barasa naye haji. Anapita kichwa chini, na mke wake hali si nzuri.

Kijitoni wanawake wanasimama mbali mpaka Nekesa amalize kuchota. Kina mama wa chama cha kuchangiana pesa walimrudishia viti vyake vya plastiki. Waliviacha njiani, hawakuvifikisha.

Mchana nimekula sahani tano. Nilibadilisha benchi kila sahani ili kionekane kibanda kina watu. Nilivaa kofia nikavua. Nekesa aliniangalia wee, mwisho akacheka, kidogo. Halafu akageukia moshi akajifuta macho akasema ni moshi.

Jumamosi, 22 Machi

Wamekuja vijana wawili na karatasi. Adabu nyingi, "shikamoo mama." Jumatatu kibanda kitang'olewa na mikaratusi yote itakatwa, eti inanyonya maji. Isipokuwa akijaza fomu. Fomu ya Kujisafisha, ndivyo ilivyoandikwa juu.

Mambo matatu. Ulifanya nini. Nani alikupotosha. Unaahidi nini. Halafu unayasema mwenyewe kwa maiki uwanjani, wazi, mbele ya watu.

Nekesa amekataa. "Nikiri nini? Moshi? Si hata wao wanapika!" Sehemu ya pili ndiyo imemkasirisha zaidi. Nani alikupotosha. Lazima iwe na jina, la sivyo fomu haipokelewi. Wote waliojisafisha wametaja mtu, na waliotajwa wamefungiwa matawi, nao wakitaka kutoka wanataja wengine. Mimi sikuwa nimeiona hiyo hesabu. Nimezunguka na spika wiki nane sikuiona.

Anasema wabomoe. Anasema atapika chini ya mti, wakate na mti, atapika juani. Ana miaka hamsini na miwili na magoti mabovu. Beti yuko chuo Nakuru, hajaambiwa.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwambia anitaje mimi.

Amenipiga. Si mzaha, ni kofi la kweli, sikio linalia mpaka sasa. "Nilikubeba mgongoni. Nikutaje wewe?" Nikamwambia ndiyo maana. Nikamwambia mimi nimeshamtaja yeye, kwa hiyo tutakuwa sawa. Nikamwambia mimi ni mtu wa dunia, Juba nimelala chini ya lori risasi zikilia, tawi kavu litanifanya nini? Nimejigamba mpaka nikachoka. Majigambo yangu ya mwisho yenye maana yalikuwa hayo, nikayamaliza yote.

Hakukubali. Saa nane Mzee Barasa akapita na binti yake. Mke amefariki asubuhi. Nekesa akainuka kwenda kumpa pole, ametembea nao tangu Januari. Mzee alimwona anakuja. Akainua mkono, hivi, kumzuia. Alikuwa analia huku amemzuia.

Nekesa akarudi. Akakaa. Akasema, "Nifundishe."

Nimemfundisha dada yangu kujisingizia. Shika maiki chini ya kidevu, usiile. Vuta pumzi kabla ya jina. Usikimbie. Ukifika kwa jina langu simama kidogo, watu wasikie. Tumerudia uani mara kumi. Yeye ana sauti nzuri kuliko yangu. Sikuwahi kujua. Hakuna aliyewahi kumpa maiki.

Jumatatu, 24 Machi

Uwanja wa Lugulu umejaa. Madam Priska mbele, kitambaa cha kijani. Waliniambia mimi nimshikie maiki. Nafikiri hilo pia lilipangwa.

Alianza kama tulivyofanya mazoezi. Alikata. Alichoma. Aliwanyima watoto wa kesho maji. Watu wakaitikia. Akafika kwa jina langu, akasimama kidogo, akasema. "Ni ndugu yangu, Wanjala." Uwanja ukanguruma.

Tulikuwa tumekubaliana aishie hapo. Hakuishia.

Akasema tangu utoto nasema uongo. Akasema niliacha shule yeye akiuza kuku wake nisome. Akasema nimekula kwake miaka yote na sijawahi kuleta hata kijiti kimoja cha kuni. Akasema napenda kusikika kuliko ninavyompenda mtu yeyote. Alikuwa ananiangalia machoni na mimi nimemshikia maiki chini ya kidevu, nimeishika vizuri.

Yote ni kweli. Ndiyo maana waliamini. Hakuna neno moja aliloongeza.

Walipiga makofi. Madam alimkumbatia. Walikwenda wote, uwanja mzima, kumfungia tawi bichi. Wanawake wa kwaya walimbeba juu.

Sijui kama aliigiza. Mimi mtu wa kazi hii, sijui.

Niliondoka kabla hajashuka.

Jumanne, 1 Aprili

Tawi langu lilifungwa mlangoni hapa Matisi siku ile ile. Kila siku pikapu inapita. "Wanjala wa Matisi. Tunakuona." Ni sauti yangu. Nilijirekodi mwenyewe, kwa sifa. Simiyu ameunganisha vizuri, huwezi kusikia kiungo. Nimesema kwa heshima sana, kama namtaja mtu wa maana.

Mama wa uji amegeuza uso. Mwenye nyumba ameniambia nihame mwisho wa mwezi, aliniambia kupitia dirishani. Watoto hawaniiti. Watoto ndio walionivunja.

Siku nne sikusema neno na mtu. Mimi! Nilijaribu "helooo" nyuma ya nyumba, mbwa hakubweka.

Leo soli imeng'oka. Hakuna fundi wa viatu atakayenigusa, isipokuwa mmoja. Nilisimama mbele ya Kuria muda mrefu. Nikamwambia ni mimi niliyekutaja, nisamehe. Akasema anajua, ana masikio. Akasogeza kigoda. "Kaa. Lete kiatu." Hakusema amenisamehe. Alishona. Tulikaa pamoja mpaka jioni, watu wawili wenye matawi makavu, na wapitao wakavuka barabara. Mvua imeanza. Miche ya Walinzi itashika mwaka huu, na nilifurahi, na nikajichukia kidogo kwa kufurahi.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda Lugulu. Sikukusudia kufika kibandani. Akinihudumia, atapoteza tena.

Nilikaa upande wa hospitali, kwenye nyasi, nyuma ya watu. Kuna moshi. Mabenchi mawili yamejaa. Mzee Barasa yupo, amenyoa nywele, anakula taratibu. Yule msichana wa Mlima Elgon yupo pia, na mwanamke mwembamba amevaa kanzu ya wodi chini ya leso. Lazima ni mama yake. Amepona basi. Nimewahesabu. Wanane.

Nekesa alitoka na beseni kumwaga maji ya kuoshea vyombo. Akamwaga. Akainua macho, akaniona.

Hakupunga mkono. Mimi pia sikupunga. Alisimama na beseni tupu, ameliegemeza kiunoni, muda mrefu kuliko mtu anavyosimama na beseni tupu. Mteja akamwita, "Mama Beti, chai!" Hakugeuka. Akaitwa tena.

Ndipo akaingia.

Nilikaa mpaka wanane wote wakamaliza kula.